Sura ya Tisa: Aliyeichagua Saa Tano

Jumatatu asubuhi, saa mbili na nusu, Inspekta Godelive alimkuta Maître Lydie mezani kwake, mikono mapajani, anaikodolea macho kompyuta. Mashine ilikuwa nzima. Hilo ndilo lililomuudhi wakili huyo kuliko yote. Ilikuwa imewaka, inanguruma polepole, inangoja neno la siri kana kwamba haijamfanyia mtu ubaya.

"Gusa uone," alisema Lydie. "Inafanya kazi muzuri kabisa. Ningekuwa na nguvu ningeitupa mu ziwa."

Ziwa lenyewe lilikuwa hapo chini, nyuma ya ukuta. Ofisi ya shirika lao la wanasheria ilikuwa Nguba, katika nyumba ya matofali iliyokuwa zamani ya familia, na mpaka leo chumba cha wakili kilikuwa na kabati la vyombo ukutani. Godelive aliweka mkoba wake sakafuni na kuvuta kiti. Hakuvua koti. Saa ya ukutani ilikuwa inamdai.

Kwa miaka minne alikuwa amebeba faili la Donatien. Donatien alikuwa bosi wa mashimo ya dhahabu kule Mwenga, mtu wa mabega mapana na sauti ya upole. Siku moja ya mvua, katika ugomvi wa nani achimbe wapi, aling'oa miti iliyokuwa imeshikilia mdomo wa shimo huku vijana watatu wakiwa chini. Udongo ulifanya kazi iliyobaki. Watu wengi walikuwepo, na wote, walipoulizwa, walikuwa wameangalia upande mwingine. Wote isipokuwa mmoja. Mama Consolate wa Miti alikuwa amemletea mwanawe David, mmoja wa wale watatu, chakula, naye aliona kila kitu kwa macho yake.

Mama Consolate hakutaka kusema mbele ya sare yoyote. Alikubali kusema mbele ya Lydie tu, nyumbani kwake, kwa Kimashi, na mwanawe wa pili, Akonkwa, akitafsiri. Hilo lilikuwa rahisi, kwa sababu Akonkwa alikuwa mfanyakazi wa ofisi hii hii. Yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri na kuchapa maneno ya mashahidi. Ugonjwa wa ini ulikuwa umeshammaliza mama yule, na kila mtu alijua kwamba nafasi ni moja.

Alhamisi walianza huko Miti saa nne na dakika kumi, kompyuta hii ikirekodi. Saa tano kamili kioo cha kompyuta kikageuka buluu, kikaandika kwamba mashine inajiweka sawa na isizimwe, kikazunguka, kikazima, kikawaka upya. Video ya dakika hamsini ilibaki faili isiyofunguka. Mama alikuwa hoi. Wakasema watarudi kesho. Usiku ule ule akafa, na Jumamosi wakamzika.

Hakimu alikuwa ameshasema neno lake. Leo, Jumatatu, saa sita mchana, kama hakuna ushahidi mezani, Donatien anatoka gerezani.

"Si ajali, Maman Godelive," alisema Lydie. "Mimi nilikataza hizi mambo za mise à jour, machine kujirekebisha yenyewe, mu hii machine. Fundi Mardochée njo aliniwekeaka yote. Na nisikilize vizuri. Jana, ku kilio, bananiambia dada ya Mardochée aliolewa na mudogo wa Donatien."

"Hukujua mbele?"

"Ningejua, angegusa machine yangu?"

Godelive alikuwa amepashwa habari hizo jana jioni kwa simu, na hakuzilalia. Mardochée alikuwa ameshaletwa. Alikuwa kwenye korido, kati ya polisi wawili, amekumbatia mfuko wake wa bisibisi. Godelive alimwita ndani. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, miwani imeshikizwa na waya upande mmoja.

"Unajua juu ya nini uko hapa?"

"Juu ya bwana ya dada yangu na familia yake," alisema Mardochée. "Nimejua tangu polisi alipobisha. Ile ndoa, Maman Inspectrice, mimi hata sikuenda."

"Uko hapa juu ya machine."

"Basi muniache niione machine."

"Asiiguse!" Lydie aliruka.

"Hataigusa," alisema Godelive. "Mikono mugongoni, papa. Wewe unasema, Maître anabonyeza, mimi naandika. Ukisema bonyeza mahali, unaniambia kwanza juu ya nini."

Mardochée aliweka mikono mgongoni na kuinama mbele ya kioo. Alipoanza kusema, woga ulimtoka, kama unavyomtoka fundi yeyote akiulizwa kuhusu ufundi wake.

Mitambo ile, alieleza, hupenda kujiletea marekebisho yenyewe kupitia intaneti, na ikishayaleta hutaka kuzimwa na kuwashwa upya ili yakae sawa. Mtu asipoangalia, itachagua saa yake. Kwa hiyo aliifunga kwa njia tatu. Kwanza, alisimamisha marekebisho yote. Lakini usimamishaji huo hauzidi wiki tano, ndiyo maana alikuwa akirudi kila mara kuurudia. Pili, aliandika saa za kazi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, ili ndani ya saa hizo mashine isithubutu kujizima. Tatu, aliiambia mashine kwamba intaneti ya ofisi ni ya kupimiwa, isinywe megabaiti ovyo.

"Mara ya mwisho ulikuja lini?"

"Lundi, Jumatatu ya tarehe nane. Niliisimamisha tena wiki tano. Maître afungue Paramètres, mipangilio ya machine, chini kabisa, Windows Update."

Lydie alibonyeza. Mardochée akasogeza miwani yake kwa bega.

"Ona. Haiko tena. Wiki zangu tano, muntu amezitoa."

"Wewe," alisema Lydie.

"Afungue options avancées," Mardochée aliendelea. "Pale, heures d'activité, zile saa za kazi. Inasema nini?"

"Huit heures mpaka vingt heures. Saa mbili mpaka saa mbili."

"Hawakuzigusa. Njo vile niliziacha." Akageuka kwa Godelive. "Maman, hapa kuko kitu. Kama hizi saa ziko sawa, ile machine haiwezi kujizima yenyewe saa tano asubuhi. Iko ndani ya saa ya kazi. Ingengoja usiku."

"Lakini ilijizima."

"Ilizimwa. Kuko fasi ya kupanga. Mise à jour ikishaingia, machine inakuuliza nizimike lini? Unachagua siku, unachagua saa. Ukishachagua wewe mwenyewe, haiangalie tena saa ya kazi. Inakutii."

Godelive aliandika na kupiga mstari chini yake. Kwa siku nne alikuwa akiwinda mtu aliyefungua mlango ili ubaya uingie wenyewe. Kumbe ubaya ulikuwa umepangiwa dakika.

"Maître," alisema, "mulikubaliana lini mwende Miti Alhamisi?"

"Mercredi, jioni. Mbele ya pale hatukujua kama atakuwa na nguvu. Muganga alipiga simu saa kumi na moja, akasema kesho asubuhi anaweza."

"Alipigia nani?"

"Alipigia..." Lydie alisita. "Alipigia nyumbani kwa Maman Consolate. Njo nyumbani waliniambia."

"Na wewe ulimwambia nani?"

"Muntu hata mumoja. Hata dereva nilimuambia asubuhi."

Godelive alimgeukia Mardochée. "Mercredi jioni ulikuwa wapi?"

"Katana. Nilienda ile siku asubuhi, kuko masomo moja, shule ya masista, kule banaweka machine kumi na mbili. Nilirudi Ijumaa. Sœur directrice anaweza kukuambia, nililala kwao."

Godelive alipiga simu pale pale. Sista alijibu, akathibitisha, akauliza kama Mardochée ni mgonjwa. Godelive akashukuru na kukata. Lydie alikuwa ameinamisha kichwa, lakini hakuwa ameshindwa.

"Angeweza kupanga mbele," alisema. "Kubahatisha."

"Kubahatisha siku ni rahisi," alisema Godelive. "Huyu alipata siku na saa. Mungeanza saa tatu, saa tano mungekuwa mumemaliza. Aliyechagua saa tano alijua kwamba saa tano mama atakuwa katikati ya maneno. Papa Mardochée, ile machine kabla ya kuzimika, haisemi kitu?"

"Inasema! Robo saa mbele inaandika ku kioo: nitazimika. Hata kama umezima kelele, ile kisanduku inatokea, na inabaki pale mpaka muntu aibonyeze. Muntu anayekaa mbele ya kioo lazima aione."

Kutoka ziwani ilisikika injini ya boti, kisha ikapotea.

"Mimi sikuwa mbele ya kioo," Lydie alisema taratibu. "Nilikaa mbele ya Maman Consolate. Macho kwa macho. Machine ilikuwa pembeni yangu, inaangalia mama."

"Na nani aliangalia machine?"

Godelive hakumngoja. Alimwambia Mardochée amalizie kazi. Kama wiki tano zilitolewa, na intaneti ya ofisi inapimiwa, marekebisho yenyewe yaliingia lini, na kupitia wapi?

"Kuko buku," alisema Mardochée. "Machine inajiandikiaka yote yenyewe, hata muntu hajaomba. Maître aandike pale chini: observateur d'événements."

Orodha ndefu ikafunguka, mistari juu ya mistari, tarehe na saa. Mardochée alimwongoza Lydie mstari kwa mstari mpaka akasema, hapo. Marekebisho yalianza kupakuliwa Jumapili ya tarehe kumi na nne, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Jumapili ofisi hufungwa. Kisha akamwongoza kwenye ukurasa mwingine, wa mitandao ambayo mashine imewahi kushikana nayo, na siku yake.

Jumapili ile lilikuwapo jina moja tu. SALON FURAHA.

"Iko wapi hii?" aliuliza Godelive.

Lydie alikuwa ameuondoa mkono kwenye kompyuta kana kwamba imemuunguza.

"Miti," alisema. "Ni salon ya kusuka. Iko ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na nyumba ya Maman Consolate. Njo pale tuliegesha jeep." Alimeza mate. "Ijumaa ile mbele ya pale, mimi mwenyewe nilimupatia Akonkwa hii machine. Alisema anataka kutafsiri maneno ya bale mashahidi bengine, weekend yote, kwa mama yake. Nilimushukuru."

"Maître."

"Hapana, Maman. Haiwezekani. Alikuwa anamushika mama yake mukono!"

Godelive alifunga daftari. "Papa Mardochée, unaweza kwenda. Tunakuomba radhi."

Mardochée alichukua mfuko wake. Mlangoni akageuka kumwangalia Lydie, akangoja. Lydie hakuinua macho. Akatoka.

Ilikuwa saa nne kasoro robo.

Akonkwa alikuwa kazini. Hilo Godelive alikuwa ameliona tangu alipoingia, na halikumtoka akilini. Mtu aliyemzika mama yake Jumamosi, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba, Jumatatu saa mbili ameshika kazi katika chumba cha nyuma. Godelive aliingia, akafunga mlango, akabaki amesimama akiuegemea.

"Pole sana, Akonkwa."

"Aksanti, Maman Inspectrice." Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mashati yake siku zote yamepigwa pasi. Vidole havikuacha kuchapa.

"Umerudia kazi mbio."

"Nyumbani kuko bantu wengi. Banalia, banakula, banalia."

"Intaneti ya Salon Furaha inaenda muzuri?"

Vidole vikasimama. Nje, mtu alikuwa akifagia uani, na Godelive alihesabu mipigo sita ya ufagio kabla kijana hajasema.

"Mumewacha Mardochée?"

"Ameenda kwake."

"Muzuri. Yeye hakufanya kitu." Akonkwa alizungusha kiti, akamtazama. Usoni mwake hamkuwa na aibu. "Sikutaka aumie. Nilifikiri mutasema ni machine tu. Kila muntu analalamikia machine."

"Nieleze Jumapili."

Alieleza, kwa utulivu wa mtu anayesoma barua ya mwingine. Jumapili aliondoa zile wiki tano na kuiacha mashine inywe kwenye mtandao wa saluni, kutoka alasiri mpaka ikashiba. Kisha akaiacha ikingoja. Jumatano jioni mganga alipopiga simu, yeye ndiye aliyepokea. Alhamisi asubuhi, alipokuwa akimwekea Maître kamera, alipanga saa tano. Tangazo lilipotokea robo saa kabla, alilibonyeza likaondoka.

"Nani alikutuma?"

"Unaniuliza kama Donatien alinipatia kitu?" Akonkwa alicheka bila sauti. "Maman, hata wewe?"

"Ninauliza juu ni kazi yangu."

"Ulimufunga Donatien miaka ine. Mule ndani anakulaka, analalaka. Bibi yake anamupelekeaka kuku kila Jumapili, mimi nimeona, nilikuwa nasimama ng'ambo ya barabara nahesabu sahani. David anakula nini? Mama aseme, hakimu aandike, Donatien apate miaka kumi, kumi na tano, na kila Jumapili kuku." Alisogeza kiti mbele. "Mule ndani siwezi kumufikia. Nilitaka atoke. Leo, saa sita, ku mulango, mu jua. Nimuone vizuri na yeye anione."

Godelive aliangalia chini ya meza. Kulikuwa na mkoba wa shule, mzito upande mmoja. Aliuvuta kwa mguu, akaufungua. Ndani, katika kitambaa, kulikuwa na nyundo fupi ya mgodini, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli.

"Ni ya David?"

"Walipomuchimbua ilikuwa mu mukono yake. Ilibidi tumufungue vidole."

Godelive aliinua nyundo, akaipima kiganjani. Hakuitazama kama polisi. Kwa muda mfupi alimwona Donatien katika chumba cha mahojiano, miaka mitatu iliyopita, ameegemea kiti, anamwambia kwa ile sauti ya upole: Maman, wewe andika, karatasi haina meno. Aliifunga tena nyundo katika kitambaa na kuitia mkobani mwake yeye.

"Nipatie simu yako," alisema.

"Simu?"

"Mutoto anamupenda mama yake. Anajua ile machine itakufa saa tano. Anajua ile sauti haitarudi tena. Sasa, saa nne, mbele mama hajaanza kusema, anafanya nini?" Alinyoosha mkono. "Ile siku uliiweka mu mufuko ya shati, Akonkwa. Ilikuwa inashika sauti yote. Sikulaumu. Nami ningefanya vile."

Kwa mara ya kwanza uso wa kijana ulivunjika. Aliweka kiganja juu ya mfuko wa shati.

"Hii ni yangu. Ni mama yangu. Si ya tribunal."

"Umeisikiliza?"

"Siwezi."

"Basi leo tutaisikiliza pamoja."

"Nikikataa?"

"Nitakunyang'anya, na wewe unajua nitaweza. Lakini hakimu ni muntu wa Kasaï, hasikii Mashi, na mutafsiri aliyeapishwa katika hii faili ni wewe. Ninataka uingie na miguu yako."

Hatimaye Akonkwa aliitoa simu mfukoni, akaishika kwa mikono miwili, lakini hakumkabidhi. Wakatoka nayo hivyo hivyo, Lydie nyuma yao, wakapanda jeep ya ofisi. Barabara ilikuwa na matope na malori. Walifika mahakamani saa tano na dakika arobaini.

Donatien alikuwa tayari kwenye benchi la korido, shati jeupe, mfuko wa nguo kati ya miguu, mlinzi mmoja pembeni. Alimwona Godelive, akainuka kwa adabu.

"Maman Inspectrice. Umekuja kuniaga?"

"Kaa," alisema Godelive.

Akonkwa alipita mbele ya Donatien kwa umbali wa hatua moja. Godelive alipita kati yao, bega lake likamgusa kijana, likamsukuma hadi ndani.

Hakimu Ignace alisikiliza maelezo kwa dakika tano bila kukatiza. Kisha akamwita karani, akamwita Donatien na wakili wake, akaamuru simu iwekwe mezani. Wakili wa Donatien alipinga. Hakimu alisema pingamizi liandikwe, na rekodi ya simu ichezwe.

Sauti ilitoka hafifu, na nguo ikikwaruza juu yake, lakini ilikuwa sauti ya Mama Consolate. Akonkwa alitafsiri amesimama wima, macho ukutani, sentensi baada ya sentensi.

"Nilikuwa nimebeba chakula cha David, bugali na sombe. Mvua ilikuwa inaanza. Donatien alisimama ku mulango ya shimo. Alisema, ng'oeni miti. Vijana wake walikataa, wakasema kuko bantu chini. Alisema, najua. Mumoja akalia. Akamusukuma, akashika mwenyewe. Aling'oa muti wa kwanza. Aling'oa wa pili. Mimi niliita David. Donatien akageuka, akaniona, akang'oa wa tatu."

Donatien, aliyekuwa ameegemea kiti, sasa alikaa wima. Hakimu aliuliza mambo mawili matatu, karani akaandika. Simu iliendelea, dakika arobaini, dakika hamsini. Kikasikika kiti, na Lydie akisema kwa Kifaransa kwamba kioo kimezimika, kwamba anakwenda kwenye gari kutafuta waya wa umeme. Mlango ukafungwa.

Akonkwa alinyoosha mkono kuizima. "Imeisha, Excellence."

"Haijaisha," alisema Godelive. Yeye Mashi aliinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. "Inaendelea. Tafsiri."

Sauti ya mama ilikuwa imeshuka, karibu zaidi na simu, kama mtu anayezungumza kifuani mwa mwenzake. Akonkwa alifungua kinywa mara mbili. Mara ya tatu maneno yakatoka.

"Mama anasema, mashine imelala? Mimi nasema, ndiyo, mama. Anasema... anasema, ni muzuri, basi niseme kwako wewe. Akonkwa, naona macho yako. Nimeyaona tangu siku tulimuzika David. Usimuue."

Karani aliacha kuandika, hakimu akamfanyia ishara aandike.

"Anasema, padiri aliniuliza kama nimemusamehe Donatien. Nilimujibu ndiyo. Nilimudanganya padiri. Sijasamehe, na huko ninakoenda sitasamehe. Lakini kufa ni kupumzika, mutoto wangu, na mimi sitaki apumzike." Sauti ya Akonkwa ilikwaruza, akaisukuma mbele. "Nataka azeeke mule ndani. Nataka meno yamuishe mule. Kila mvua ikinyesha usiku, asikie udongo unatelemuka, na asijue kama ni ukuta ama ni shimo. Bibi yake achoke kumuletea chakula. Batoto bake basahau uso wake. Na asife. Njo ile ninaomba. Muniwekee yeye hai."

Kikasikika kikohozi, kisha mlango, kisha Lydie akirudi. Akonkwa aliizima simu.

Donatien alikuwa ameangalia mfuko wake wa nguo sakafuni. Wakili wake alimnong'onezea kitu. Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hatoki," alisema. "Faili iende kwenye kikao. Simu ibaki hapa kama kielelezo." Kisha akamwangalia Godelive. "Na huyu aliyeharibu video?"

"Ni wangu, Excellence. Nitamuandikia PV ya kosa lake."

Mlinzi alimchukua Donatien. Mfuko wa nguo ulisahaulika sakafuni, na hakuna aliyemwita auchukue.

Nje, kwenye ua, jua lilikuwa limetoka. Lydie alikwenda kukaa ndani ya jeep peke yake. Akonkwa alisimama mbele ya Godelive, akanyoosha mikono yake yote miwili, viganja juu.

"Nimeharibu ushahidi. Nimekubali mbele yako. Nitasaini."

"Utasaini."

Godelive aliingiza mkono mkobani, akapapasa pingu chini ya kile kitambaa. Alikuwa ameshazitoa nusu alipomtazama kijana usoni. Hakuona hofu wala toba. Aliona subira. Akonkwa alikuwa akiangalia juu ya bega lake, kuelekea gari la gereza lililokuwa limeegeshwa langoni, nyuma wazi, Donatien akipandishwa.

"Inakuwa mule mule, eeh Maman?" aliuliza Akonkwa taratibu. "Gereza iko moja tu. Banalala pamoja?"

Godelive alizirudisha pingu mkobani na kuufunga.

"Hapana."

"Nimefanya kosa. Sheria inasema unifunge."

"Sheria inaniachia niandike PV na nikupatie convocation, karatasi ya kukuita. Utalala Miti. Kila Lundi, saa mbili, utakuja kusaini kwangu. Ukikosa Lundi moja, nitakufunga Uvira, Kindu, popote, si hapa."

"Maman Inspectrice, tafadhali."

"Utabaki inje, Akonkwa."

"Nifunge."

"Utabaki inje."

Gari la gereza lilifungwa nyuma, likawaka, likarudi kinyumenyume kupita langoni. Godelive alilifuata kwa macho mpaka likageuka. Alipomgeukia tena kijana, alikuwa bado amesimama pale pale, mikono mbele yake, anangoja afungwe.